Safu ya Magoti

Mtaani kwetu Ipagala kila mtu anajua kwa nini Matroni alianzisha biashara ya kukodisha viti, katika umri ambao wenzake wanaanza kuwagawia wajukuu vyombo vyao. Tatizo ni kwamba kila mtu anajua sababu yake mwenyewe. Balozi wa nyumba kumi anasema pensheni haimtoshi. Mchungaji anasema ni wito wa kuwahudumia wafiwa. Mwenye duka la kona anasema ni tamaa tu, lakini yeye ndiye anayeuza sukari na majani ya chai ya misiba yote, na hapendi kuona mtu mwingine akinufaika na marehemu. Mama yangu anasema mtu aliyezoea kuwaamrisha wasichana wa bweni zima hawezi kukaa nyumbani akaamrisha kuku.

Mimi nilikuwa na sababu nyingi kuliko wote. Nilisomea usimamizi wa biashara, na utafiti wangu wa mwaka wa mwisho ulihusu kinachowasukuma wazee kuingia kwenye biashara. Nilikuwa na mchoro wenye mishale. Kila nikiutazama niliongeza mshale, na kila nikiongeza mshale nilikosa usingizi.

Jina lake silitaji, kwa sababu hata sisi tuliolelewa naye hatukuwahi kulitumia. Alikuwa matroni wa bweni letu nilipokuwa sekondari. Nilipomaliza kidato cha sita nilidhani nimeachana naye. Mwaka huohuo akastaafu, akahamia kwenye nyumba aliyokuwa ameijenga polepole miaka yote, nyuma kabisa ya ukuta wetu. Nimehitimu chuo, nina cheti chenye mhuri, lakini hadi leo nikichelewa kuamka nasikia funguo zake upande wa pili na miguu yangu inashuka kitandani bila kuniuliza.

Funguo zile zilikuwa sauti yake ya kwanza. Alizifunga kwenye kitambaa cha kanga kiunoni, fungu zima, na kabla ya kuingia mahali popote alizitikisa. Bwenini tuliposikia zinalia, kila mtu alijua afanye nini: aliyekuwa anakaanga mayai kwenye jiko la umeme aliliingiza chini ya kitanda, aliyekuwa analia alifuta macho, aliyekuwa na simu aliizika kwenye unga wa sembe. Matroni aliingia, akanusa, akasema, "Bweni hili lina harufu ya utii," akatoka. Tulimcheka sana kwa ujinga wake. Ilinichukua miaka kujiuliza kwa nini mtu anayetaka kukamata wakosaji atangulize kelele.

Huruma yake iliishia hapo. Kwenye mambo mengine alikuwa mkali, na ukali huo aliuhamishia wote kwenye biashara. Viti vyake ni vya plastiki, vya kawaida, vile ambavyo kila mtaa unavyo, isipokuwa migongoni amevipaka rangi tofauti kama mabweni: kundi la bluu, kundi la kijani, kundi jekundu. Kiti cha bluu hakichanganywi na cha kijani. Wapakiaji wa kirikuu, kile kigari cha mizigo kinachovisafirisha, wanalijua hilo kuliko wanavyozijua sheria za barabarani.

Ukikodi viti vyake, umemkodi na yeye. Anakuja navyo asubuhi, anavipanga kwa kamba, halafu anasimama pembeni hadi shughuli iishe. Hakai. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwona ameketi kwenye kiti chake. Akimwona mtu ameegemea nyuma, miguu miwili ya mbele ya kiti imeinuka hewani, anamfuata. Awe mgeni rasmi, awe mfiwa mwenyewe, haoni tofauti.

"Wewe! Kiti kina miguu minne. Itumie yote."

Niliwahi kumwona mjane akifuta machozi, akishusha kiti chake taratibu na kusema, "Samahani, Matroni." Watu wanalalamika, kisha msiba unaofuata wanampigia yeye. Shughuli zenye Matroni huanza kwa wakati na kuisha kwa wakati, na Dodoma hii ya upepo na vumbi, maturubai yake ndiyo pekee ambayo hayajawahi kuruka na kutua kwa jirani. Inasemekana kuna mzee wa mtaa wa pili aliyelala hoi siku nyingi, ndugu wameshaanza kujadili safari ya kumrudisha kwao kijijini. Matroni akapita kumjulia hali. Mzee alipomwona dirishani akiupima uwanja kwa macho, aliomba uji. Bado yupo. Anamsalimia Matroni kwa mbali sana.

Lakini lililomfanya asemwe ni sharti lake. Kwa desturi yetu msibani wanaume hukaa nje kwenye viti na wanawake hukaa chini kwenye mikeka. Ndivyo ilivyo, na hakuna aliyewahi kuuliza ni nani aliyeamua kwamba magoti ya wanawake yameumbwa kwa ajili ya sakafu. Matroni hakodishi kiti hata kimoja mpaka ukubali kwamba safu moja itapangwa upande wa wanawake, mbele kabisa, kwa ajili ya wasioweza kuinuka kutoka chini. Ameiita safu ya magoti.

Balozi alijaribu kupinga, mwanzoni. "Matroni, msiba si kikao."

"Ndiyo maana sijaleta ajenda," alijibu. "Nimeleta viti."

Na si kila mtu alikaribishwa kwenye safu hiyo. Mwenye kudai magoti yanamuuma alipimwa papo hapo. Nakumbuka mama mmoja, mwenye duka la vitenge, aliyekuja anachechemea kuelekea kwenye safu.

"Chuchumaa nione," Matroni akamwambia.

"Jamani, dada, mbele za watu?"

"Chuchumaa. Haya. Simama. Umesimama. Mkekani."

Na safu hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Akija mwenye goti baya kuliko lako, unampisha. Bila mjadala, bila cheo, bila kujali nani alitangulia. Sheria hiyo aliitunga mwenyewe, na nakuomba uikumbuke, maana itarudi.

Sasa niseme kilichokuwa hatarini, kwa sababu mtaa mzima tulikijua, hata wale waliojifanya hawajui. Matroni ana mwana wa kwanza anayefanya kazi Dar es Salaam. Ni mtu mwema, na huo wema ndio ulioifanya hatari iwe kubwa, kwa kuwa mtoto mbaya angemwacha mama yake aendelee kukaa hapahapa Ipagala. Huyu alikuwa amemwandalia chumba cha chini, chenye bafu lake na runinga ukutani. Alitaka aende "hata wiki mbili tu, tuone." Sisi tunazijua hizo wiki mbili. Mzee anaondoka na begi dogo, na kabla begi halijafunguliwa nyumba yake imeshapata mpangaji. Dodoma ya siku hizi nyumba haikai tupu, na tulisikia kwamba mtumishi mmoja wa serikali aliyehamishiwa huku ameshaulizia.

Matroni aliongea naye kwa simu uani, akiwa ameweka spika, kwa hiyo na sisi tuliongea naye kwa namna yetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jumamosi nina msiba."

"Mama, sijasema kitu bado."

"Ulitaka kusema nije huko."

"Nilitaka kukusalimia tu."

"Umeshanisalimia. Na Jumapili nina kipaimara."

"Lakini mama, hivyo viti anaweza kuviangalia mtu mwingine."

"Huyo mtu mwingine atajua bluu haikai na kijani?"

Mwana, kwa upole: "Ukija huku utapumzika."

"Nikija huko nitakuwa nani? Bibi wa chumba cha chini?"

Vyumba vya watoto wake aliwahi kunionyesha. Cha mwana wa kwanza kilijaa viti vya bluu hadi darini. Cha wa pili, maturubai na masufuria. Watoto wakija likizo wanalala gesti. "Nyumba imejaa," anawaambia, kwa masikitiko ambayo hayakunidanganya hata kidogo. Nikaongeza mshale kwenye mchoro wangu.

Mshale wa kwanza kabisa, kama ningekuwa na ujasiri wa kuuchora, ungeanzia Ihumwa, kwenye msiba wa mpishi wa shule yetu. Yeye na Matroni walifanya kazi pamoja ujana wao wote. Waligombana kuhusu maharage kila wiki na hawakuwahi kula mbali mbali. Mimi na mama tulikwenda, tukakaa mkekani chumba cha ndani pamoja naye. Ilipotangazwa wanawake watoke kwenda kuaga mwili, tuliinuka. Matroni hakuinuka. Aliweka kiganja chini, akajaribu, akakirudisha kwenye paja.

"Nendeni tu," alisema. "Nasali."

Tukaenda. Mstari ulikuwa mrefu, jua kali. Tuliporudi ndani jeneza lilikuwa limeshafungwa na lori linawashwa, na yeye alikuwa palepale mkekani, peke yake, macho wazi. Mama alimshika kwapa moja na mimi jingine, tukamwinua. Hakusema asante. Alikung'uta kanga yake, akatikisa funguo, akatoka kwenda kuulaumu mpangilio wa magari.

Habari ilisafiri. Kutoka Ihumwa ilitoka kama "alishindwa kuinuka." Kufika Morogoro ilikuwa "alianguka." Kufika Dar es Salaam ilikuwa "alizimia na hakuna aliyekuwepo." Ndipo chumba cha chini kikaanza kupakwa rangi. Na ndipo, wiki chache baadaye, kirikuu cha kwanza cha viti kikasimama getini kwake.

Kwa hiyo nilikuwa na jibu la utafiti wangu mikononi mwangu, maana mimi mwenyewe nilimshika kwapa. Lakini mtu wa aina yangu haamini jibu mpaka aulize swali lake vibaya. Nikaenda kumhoji.

"Shikamoo, Matroni. Nina maswali machache ya chuo."

"Marahaba. Simama wima ndipo uulize."

"Ni nini hasa kilikusukuma kuanzisha biashara?"

"Kuna mtu wa kunisukuma mimi?"

"Namaanisha, ulitafuta kipato cha ziada, au kutimiza ndoto, au..."

"Ndoto ya viti?"

"Labda basi tuzungumzie faida. Unaiona wapi?"

Alinyoosha kidole kwenye geti lake, ambalo lilikuwa wazi. "Pale. Asubuhi nafungua, mtu anaingia kunitafuta. Andika hivyo."

"Msimamizi wangu hatakubali."

"Basi andika pensheni."

Nikaandika pensheni. Nikapata alama nzuri. Msimamizi alisifu uhalisia wa matokeo.

"Wewe mtoto," Matroni aliniambia siku nyingine, aliponikuta barazani nikifikiria kama niombe kazi fulani au nisiiombe, "unafikiri mpaka chai inapoa, halafu unafikiria kwa nini imepoa."

Sasa ikafika ile wiki. Mwana wa kwanza alipiga simu akasema anakuja na gari, Jumamosi, na safari hii aliongea kama mtu aliyeyaandaa maneno yake njiani. "Mama, nakuja kukuona kwa macho yangu. Nikikukuta uko sawa, na kazi yako ipo, sitalitaja tena jambo hili. Nikikuta vinginevyo, tunarudi wote."

"Njoo," alisema Matroni. "Jumamosi nina shughuli kubwa."

Hakuwa na shughuli yoyote. Mwezi ule Dodoma ilikuwa na afya ya kukatisha tamaa. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeoa, hata kipaimara kilikuwa kimepita. Viti vilikuwa vimelala vyumbani, na kila mtu anajua viti vilivyolala vinamfanya mwenye viti aonekane mzee. Matroni alizunguka mtaa akijulia watu hali kwa ukarimu usio wa kawaida. Alipofika kwetu alinigeukia mimi.

"Yule bibi yako wa Zuzu anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri sana, Matroni."

"Haya," alisema, kwa sauti ya mtu anayepokea habari ngumu kwa uvumilivu. "Tumshukuru Mungu."

Mama yangu, aliyekuwa anachambua mchicha, hakuinua kichwa. "Jumamosi tunamfanyia huyu sherehe ya kuhitimu," alisema.

Nilishtuka. Nilikuwa nimehitimu zamani. Sherehe niliiahirisha mwenyewe kwa kufikiri: nikiifanya kabla ya kupata kazi, watu watauliza nimepata kazi gani, nikisubiri kazi, pengine wageni watakuja na mikongojo.

"Mama, lakini sina..."

"Una cheti. Kinatosha kuwekewa turubai."

Matroni alitutazama wote wawili. Kisha akasema, kibiashara kabisa, "Mtahitaji bluu au kijani?"

Jumamosi ilikuwa na upepo, na uwanja wetu ulijaa kuliko tulivyotegemea. Mtu anapofanya sherehe ya kuhitimu muda mrefu baada ya kuhitimu, watu wanajua tu kwamba amepata kazi serikalini, na nusu ya Ipagala ilikuja kunipongeza kwa kazi hiyo. Nilishikwa mikono na watu walioanza palepale kuniulizia nafasi za watoto wao. Wasichana wa bweni letu la zamani walikuja pia, sasa ni wauguzi, walimu, mama wenye watoto migongoni. Viti vya bluu vikaisha, vya kijani vikaisha, hata vyekundu vikaisha. Wanawake wengi tukakaa mikekani kama kawaida, na mbele yetu ikapangwa safu ya magoti. Mama alimlazimisha Matroni akae mwisho wa safu hiyo, ili mwanawe akifika amkute ametulia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona kwenye kiti chake mwenyewe. Alikaa kama mtu anayekijaribu kabla ya kukinunua.

Mwana alifika, mrefu, mpole, na begi dogo tupu mkononi. Begi hilo tuliliona wote. Alimsalimia mama yake kwa heshima, akaenda upande wa wanaume akapewa kiti cha mbele. Kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri, na ndiyo maana nilianza kuogopa.

Ndipo bajaji ikasimama getini na bibi yangu wa Zuzu akashuka, mzima kama tulivyosema, isipokuwa magoti.

"Mbukwenyi!" alituamkia wote kwa Kigogo, kwa sauti kubwa, akija taratibu kwa fimbo.

Safu ilikuwa imejaa. Wote waliokaa walikuwa na hali mbaya kuliko ya Matroni, na hilo alilijua yeye kuliko sisi. Kijana mmoja alianza kuleta kiti kutoka upande wa wanaume.

"Rudisha," Matroni alimwambia. "Aliyekuwa amekikalia atakaa wapi?" Akainuka. "Mama, karibu hapa."

Angeweza kukipokea kile kiti kingine. Lakini kukipokea mbele ya mwanawe kungekuwa kusema kwa sauti kwamba yeye naye ni wa kutafutiwa kiti. Na sheria ilikuwa yake. Alishuka mkekani kati yangu na mama, polepole, kama mtu anayeshusha mzigo wa vyungu. Kushuka si tatizo. Niliangalia upande wa wanaume; mwanawe alikuwa anatabasamu.

Pilau ikaliwa. Soda zikagawiwa. Mshereheshaji, ambaye hakuna aliyemwonya, akapaza sauti kwenye kipaza sauti: "Na sasa, ndugu wageni, tumwombe mlezi wa mhitimu wetu, Matroni, asimame mbele yetu aseme neno!" Watu wakapiga makofi. Mwanawe, kwa wema wake uleule, akainuka, akachukua kipaza sauti ampelekee mama yake mwenyewe.

Matroni aliweka kiganja mkekani. Akajaribu. Akakirudisha kwenye paja.

"Nendeni tu," alisema kwa sauti ndogo. "Nasali."

Hakuna aliyekuwa anakwenda popote. Mama yangu alinitazama, na mimi nilimtazama mama, na nikaanza kufikiri. Nikimshika kwapa, mwana ataona. Nisipomshika, ataona zaidi. Nikizimia mimi, watakimbilia kwangu, lakini sijui kuzimia vizuri. Nilikuwa kwenye wazo la nne hivi wakati mtu nyuma yetu, muuguzi mmoja wa bweni letu, mwenye mtoto mgongoni, alipoinama, akaliokota fungu la funguo lililokuwa limefunguka kiunoni mwa Matroni na kuangukia mkekani, na kulitikisa.

Sijui kama naweza kueleza. Sauti ile ilipita mkekani na hakuna aliyeuliza. Miili yetu ilijua: kuna kitu cha kufichwa, na anayekuja yuko karibu. Mmoja alipiga kigelegele. Wote wakapokea. Wanawake wa mkeka mzima wakainuka kwa pamoja, wakishikana mikono, wakivutana, kanga zinapepea, watoto wanayumba migongoni, viwiko kila mahali, vumbi, na katikati ya vurugu hiyo mikono ambayo sikuihesabu ikapita chini ya makwapa ya Matroni. Wimbo wa shule ulianza sehemu fulani, kwa ufunguo usio sahihi. Mwana alipofika pale na kipaza sauti chake, alikuta ukuta wa wanawake wakicheza, na mama yake amesimama katikati, wima, anakung'uta kanga.

"Mama," alisema, akicheka, ikabidi aongee kwa nguvu. "Una nguvu kunishinda mimi."

"Shughuli ni nyingi," alijibu, akapokea kipaza sauti. Neno lake halikuwa refu. Alisema mhitimu ni msichana mwenye akili, apunguze kuzitumia.

Mwana akarudi mahali pake. Nilimwona akiliweka begi chini ya kiti, akatoa simu, akampigia mdogo wake. "Yuko sawa kabisa," alikuwa anasema. "Hapana, nimemwona kwa macho yangu." Na kwa furaha ya mtu aliyetua mzigo, akajiegemeza nyuma, akanyoosha miguu, na kiti cha bluu kikainua miguu yake miwili ya mbele hewani.

Matroni alikuwa bado ameushika mkono wangu. Watu wote walidhani ananipongeza. Uzito wake wote ulikuwa hapo. Kwa mkono wa pili akainua kipaza sauti.

"Wewe! Kiti kina miguu minne."

Mwanawe akakishusha upesi, kama mtoto wa bweni.